Tamasha la filamu kwa familia Mbeya na Iringa: ukumbini mchana au uwanjani usiku?

Kamati nyingi za matamasha huanza kwa kuchagua filamu, zikaja kwenye ukumbi na wageni waalikwa, halafu siku zikiwa zimebana mtu mmoja anauliza: "Na watoto je?" Hapo ndipo zinapotafutwa puto za mlangoni, mtu wa kuchora watoto usoni na katuni moja ya asubuhi. Familia zinakuja mara moja, hazirudi, na lawama inaishia kwa wazazi kwamba hawana mwamko. Lawama hiyo si ya haki. Mzazi aliyepanda bajaji na watoto watatu ameshaonyesha mwamko wa kutosha. Kilichomkimbiza ni maamuzi yaliyofanywa kabla hajafika.

Nimeyaweka maamuzi hayo mawili mawili au matatu matatu, na kwa kila moja nasema ningechagua lipi. Kipimo changu ni mtoto mdogo kuliko wote katika familia. Yeye ndiye mwenye saa ya tamasha. Akichoka, mama anatoka naye. Mama akitoka, wengine wote wanafuata, hata yule wa darasa la sita aliyekuwa amezama kwenye hadithi.

Ukumbini mchana au uwanjani usiku

Likitajwa tamasha la filamu, picha inayowajia wengi ni Ngome Kongwe ya Unguja, ambako Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Watu wameketi chini ya nyota, upepo wa bahari unapita, skrini kubwa mbele yao. Ni picha nzuri, na ndiyo maana kila anayepanga tamasha huku bara anawaza uwanja kwanza. Lakini Unguja iko usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, Iringa zaidi ya mita 1,500, na Njombe iko juu kuliko zote mbili. Juni na Julai, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10. Mtu mzima atavaa koti na kuvumilia. Mtoto wa miaka minne aliyekaa tuli saa nzima juu ya mkeka atalia, na atakuwa na haki ya kulia.

Halafu kuna giza lenyewe. Projekta haishindani na jua. Mwezi Julai jua la Iringa huzama kama saa 12 na nusu jioni, na Mbeya dakika chache baadaye kwa kuwa iko magharibi zaidi. Anga nayo hubaki na mwanga kwa muda. Kwa hiyo uwanjani hakuna filamu kabla ya saa 1 usiku. Filamu ya saa moja na nusu inaisha saa 2 na nusu, na hapo bado hujafika nyumbani. Iringa mjini ni pakaribu: mtu wa Mlandege au Gangilonga anatembea na watoto wake, ingawa wa Ipogolo ana kilima chote cha kushuka. Mbeya ni habari nyingine. Jiji limejinyoosha kandokando ya barabara kuu, kutoka Uyole hadi Iyunga na kuendelea, na familia iliyotoka mwisho mmoja itasimama barabarani usiku kutafuta usafiri, mmoja mgongoni na mwingine amelala begani.

| | Ukumbini, saa 4 asubuhi au saa 8 mchana | Uwanjani, usiku |
|---|---|---|
| Muda wa kuanza | Unaoutaka wewe | Kuanzia saa 1 usiku |
| Baridi | Sweta inatosha | Blanketi na kofia, hasa Juni hadi Agosti |
| Mtoto kupotea | Mlango mmoja, unalindika | Pande zote wazi |
| Idadi ya watu | Mwisho ni viti | Mamia, pamoja na wapita njia |
| Gharama inayouma | Kuziba madirisha | Skrini kubwa, spika, jenereta, ulinzi |

Kwa familia yenye watoto chini ya miaka 10 nachagua ukumbi bila kusita. Mstari unaoniamulia ni ule wa tatu. Viwanja kama Ruanda Nzovwe kwa Mbeya au Mwembetogwa kwa Iringa vinabeba umati mkubwa, lakini mzazi anayekodoa macho gizani kumtafuta mwanawe hatazami filamu. Ukumbini unaweka mlango mmoja, watu wawili pale mlangoni, na hakuna mtoto anayetoka bila mtu aliyekuja naye. Mzazi anaegemea kiti. Huo ndio utulivu aliolipia kiingilio.

Kumbi zipo. Mbeya kuna Ukumbi wa Mkapa na kumbi za Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST); Iringa kuna za vyuo vikuu, mathalani Chuo Kikuu cha Iringa na Mkwawa, bila kusahau za makanisa, ambazo mara nyingi ndizo zenye vyoo vinavyotunzwa vizuri. Shida yake ni mwanga. Zimejengwa kwa ajili ya mikutano na harusi, zina madirisha mapana na pazia jepesi lisilozuia kitu. Nunua kaniki. Ni nyeusi, inashika kwa misumari midogo au gundi ya karatasi, na baada ya tamasha inakunjwa kusubiri mwaka ujao. Usizibe kila tundu: watoto wadogo hawapendi giza totoro, na mama anahitaji kuiona njia ya kwenda chooni. Gharama ya kuacha mwanga huo kidogo ni projekta yenye nguvu zaidi. Ile ya ofisini ya lumeni 3,000 itatoa picha iliyofifia, hivyo tafuta ya 4,000 au 5,000.

Sauti nayo iangaliwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani kwamba wastani wa sauti kwa dakika 15 usizidi desibeli 100. Hicho ni kikomo cha watu wote, wakiwemo wanaokwenda kucheza muziki. Kwa masikio ya watoto shuka chini sana ya hapo. Njia rahisi: kaa atakapokaa mtoto wa mstari wa mbele, zungumza na mwenzako wa pembeni. Ukijikuta unapaza sauti, punguza spika.

Umeme ukikatika ukumbini, dakika ya kwanza ndiyo inayoamua. Weka taa mbili za betri tayari, na mshereheshaji awe ni mtu anayejua watoto. Akisema "Hadithi hadithi!" kabla woga haujapanda, ukumbi mzima utamjibu "Hadithi njoo!" na jenereta itawashwa wakati watoto wameshasahau kwamba kuna kitu kilizimika.

Uwanja siufuti kabisa. Usiku mmoja wa nje una raha yake, na kuna babu na bibi ambao hawataingia ukumbini lakini watakuja uwanjani na kiti chao. Ila uwe usiku mmoja tu, ngoma zianze saa 11 jioni watu wakila mahindi ya kuchoma na kunywa chai ya tangawizi, filamu isiyozidi dakika 40 ianze mara giza linapoingia, na saa 2 kila mtu awe njiani. Zungumza mapema na madereva wa bajaji na daladala wakusubiri. Njombe na Makete sishauri hata huo mmoja katika miezi ya baridi.

Siku moja kubwa au vipindi vidogo

Siku ya Watoto yenye mgeni rasmi inapendeza kwenye picha na inamridhisha mfadhili. Shule zinaletwa kwa mabasi, watoto 500 wanaketi, hotuba zinasomwa, filamu inaanza wakati njaa imeshaingia. Na familia hazipo, maana ni siku ya kazi. Kipindi cha shule na kipindi cha familia ni vitu viwili tofauti: cha shule kina walimu na wanafunzi wa rika moja, cha familia kina mtoto mchanga, kaka wa miaka 12, shangazi na bibi, wote mstari mmoja. Ukivichanganya unaviharibu vyote viwili.

Nachagua vipindi vidogo vya saa moja na robo, vinavyorudiwa. Jumamosi saa 4 asubuhi na Jumapili saa 8 mchana, programu ileile. Urudiaji huo unaonekana kama uvivu wa ratiba, lakini ndio unaoheshimu wiki ya watu wetu. Jumamosi kuna kufua na sokoni, na kwa Wasabato kuna ibada. Jumapili ibada nyingine hazitoki kabla ya saa 6 au 7. Watoto wa Kiislamu wengi wana madrasa mwisho wa juma. Aliyekosa huku atapata kule, na anayetaka kurudia na binamu zake atarudia.

Nani aseme: maandishi, sauti mpya au msimuliaji

Hapa ndipo ningepeleka fedha kabla ya kununua hata puto moja.

Siku moja kaa kando ya ukumbi wenye filamu ya kigeni iliyowekewa maandishi ya Kiswahili chini, usitazame skrini, tazama watoto. Mwanzoni wote wametulia, macho mbele. Kisha mmoja anamgeukia dada yake: "Anasemaje?" Dada yuko darasa la tatu, anasoma kwa kidole hewani, anafika katikati ya mstari, maandishi yanabadilika. Anasema, "Subiri." Nyuma yao baba anamsomea mwanawe kwa sauti, mwingine anaona ni ruhusa naye anaanza, na kabla hujajua ukumbi mzima unasoma kwa sauti, kila mmoja kwa mwendo wake. Wale wasio na mtu wa kuwasomea wanaanza kuchezea kiti cha mbele. Tatizo halimo kwenye filamu wala kwenye malezi. Mtoto aliyeanza shule juzi hawezi kusoma kwa kasi ya mazungumzo na huku akatazama picha.

Njia ya pili ni kurekodi sauti mpya za Kiswahili. Ndiyo bora kwa matokeo, lakini inataka waigizaji, studio na ruhusa ya mwenye filamu, na kwa tamasha la mkoa ni mzigo mzito. Kabla ya kuufikiria, tafuta kwanza kazi zilizozaliwa kwa Kiswahili. Zipo. Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam, imekuwa ikitengeneza katuni za kielimu kwa Kiswahili na kuzirusha kwenye televisheni tangu mwaka 2014. Waandikie, waombe ruhusa ya kuonyesha kazi zao, kisha ziweke mwanzoni mwa programu: mtoto akisikia lugha yake katika dakika ya kwanza analegea mabega.

Njia ya tatu ni msimuliaji anayekaa na maiki ukumbini akaisema filamu kwa Kiswahili inavyokwenda. Sisi tunaijua njia hii kuliko wengi duniani. Vibanda umiza vimelea kizazi kizima kwa sauti za madijei wa filamu, na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ni miongoni mwa waliofungua njia hiyo nchini. Bado kamati nyingi zinaiona kama kitu cha uswahilini kisichofaa tamasha la heshima. Nazisihi ziangalie Berlin. Tamasha kubwa la filamu la jiji hilo lina kitengo cha watoto tangu mwaka 1978, na filamu za kigeni za watoto wadogo husemwa kwa Kijerumani papo hapo ukumbini na msomaji mwenye maiki. Tamasha lenye uwezo wote huo, kwa mtoto asiyejua kusoma, limefika palepale alipofika dijei wetu wa banda.

Kuna tofauti moja, na ndiyo ya kuijadili. Msomaji wa Berlin anafuata maandishi, haongezi. Dijei wetu anaongeza: anatania, anamwita jambazi kwa jina la jirani, anaeleza kitakachotokea kabla hakijatokea. Bandani raha ni hiyo. Kwa watoto nachukua nidhamu ya yule wa kwanza na joto la huyu wa pili. Mpe filamu mapema aitazame mara tatu. Aandike maneno yake. Sehemu ambayo mhusika analia au anatazama tu mlima, anyamaze. Mtoto anaweza kuisoma sura vizuri kuliko sisi. Asieleze picha inayoonekana. Wakiwa wawili, mwanamke na mwanaume, mtoto hapati shida kujua nani anasema. Lugha iwe Kiswahili chepesi, na neno moja moja la Kinyakyusa au Kihehe likiangukia mahali pake, ukumbi utacheka kwa furaha. Mlipe vizuri, jina lake liandikwe kwenye ratiba, na mwenye filamu atoe ruhusa ya maandishi kwamba kazi yake itasimuliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimsamehe mtu kwa sababu hadhira yake ni watoto.

Kisha kuna filamu zisizo na maneno kabisa. Hizi ningezipa angalau robo ya programu. Hazihitaji tafsiri, na mtoto kiziwi anakaa sawa na wenzake bila kungoja mtu amweleze. Iringa ina sababu ya pekee ya kulikumbuka hilo: tangu mwaka 2003 karakana ya kazi za mikono ya Neema Crafts imekuwa pale mjini, ilianza na vijana viziwi na leo inaajiri watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Kwenye filamu zenye maneno, mkalimani wa Lugha ya Alama asimame mbele, pembeni ya skrini, kwenye mwanga wake mdogo.

Ndefu au fupi

Chini ya miaka 8, fupi: tano au sita za dakika 5 hadi 10, jumla isizidi dakika 50, na katikati msimame mnyooshe mikono na wanaotaka choo waende. Kwa miaka 10 na kuendelea ningeweka ndefu moja, kwa sababu watoto hao wanajua wanapodharauliwa, na kuwapa vikatuni vya wadogo zao ni kuwadharau.

Iwe fupi au ndefu, mtu wa kamati aitazame yote, sekunde ya mwisho ikiwemo. Usiamini picha ya jaladani. Na kibali kisisahaulike: filamu ya kuonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Filamu kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi hiyo ndiyo pia hupanga madaraja ya umri. Pa kuanzia ni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, na nenda mapema.

Jumba la kuruka au meza ya kutengeneza

Majumba ya kuruka ya upepo yanawapata watoto wote, na hapo ndipo lilipo kosa lake: hawarudi ndani. Mtoto aliyetoka kuruka akitokwa jasho hawezi kuketi, na kelele zake zinapita dirishani. Bei yake ya kukodi siku mbili inatosha kulipia meza kadhaa za kazi za mikono zinazohusu filamu. Nachagua meza.

Meza ya kwanza: kata kadi ngumu mviringo, kipenyo cha kikombe cha chai. Upande mmoja mtoto anachora kuku. Upande wa pili anachora tenga, likiwa juu chini ukilinganisha na kuku. Toboa tundu kushoto na kulia, pitisha uzi, sokota, kisha vuta ncha mbili. Kadi inazunguka na kuku anaonekana ndani ya tenga. Mtoto anasimamisha uzi, anageuza kadi kuhakikisha kuku yuko upande wake, anasokota tena. Mwingine atachora daladala na abiria. Kifaa hiki kilianza kuuzwa Uingereza miaka ya 1820, zamani kabla ya sinema, na kinafundisha kwa vidole kile ambacho projekta inafanya: jicho linashika picha kidogo baada ya kuondoka. Baba anayesema amemsindikiza tu mtoto atachora cha kwake. Mpe kadi kabla hajaomba.

Meza ya pili inahitaji simu, kigoda cha kuishikiza isitikisike, na udongo. Udongo wa ufinyanzi si taabu kwetu. Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kule Matema, wanasifika kwa vyungu vyao, na mfinyanzi akija mwenyewe na donge lake ni bora zaidi. Watoto watano wanafinyanga mnyama, wanampiga picha, wanamsogeza kidogo, wanampiga tena. Sekunde moja inataka picha 12, kwa hiyo sekunde kumi ni picha 120, kazi ya saa moja na zaidi. Wape wenye umri wa miaka 8 na kuendelea. Kikubwa ni ahadi hii: walichotengeneza Jumamosi kionyeshwe Jumapili kwenye skrini ileile kubwa, majina yao yakiwa mwishoni. Siku hiyo ukoo mzima utakuja.

Iringa ina meza nyingine isiyohitaji kukodiwa: jengo la boma la Wajerumani katikati ya mji, ambalo tangu 2016 ni makumbusho. Familia inayosubiri kipindi cha saa 8 ikielekezwa pale, hapo pia imeshapata matembezi yake ya siku.

Waamuzi watoto au kura ya ukumbi

Giffoni, mji mdogo wa Italia, ulianzisha mwaka 1971 tamasha ambalo waamuzi wake ni watoto wenyewe, na Berlin nako watoto hukaa kama majaji. Ni jambo zuri sana, lakini linataka watoto hao watazame filamu zote kwa siku kadhaa na wawe na mlezi wa kuwaongoza. Kwa tamasha la kwanza au la pili ningeanza na kura. Weka vibuyu mlangoni, kila kimoja na picha ya filamu, na kila mtoto apewe punje moja ya maharage atumbukize anapotoka. Asiyejua kusoma naye anapiga kura. Hesabu mbele yao. Mwaka unaofuata, wale waliosimama muda mrefu mbele ya vibuyu wakibishana ndio utakaowaita kuwa majaji.

Juni, Agosti au mwisho wa Septemba

Juni ina likizo na ina Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16, inayoadhimishwa tangu 1991 kwa kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Halmashauri tayari zina shughuli siku hiyo, na ni rahisi kuungana nazo. Inafaa kwa ukumbini tu, kwa sababu ya baridi. Agosti ina Nane Nane, na kwa Mbeya familia nyingi zitakuwa viwanja vya John Mwakangale. Kushindana na maonyesho hayo ni kujichosha, na fedha ya matumizi ya mzazi imeshaishia kule.

Mimi nachagua mwisho wa Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Baridi imepungua, mvua za Novemba bado, na mkulima hajazama shambani. Faida inayosahaulika ni kwamba darasa la saba wameshamaliza mtihani wao, wako nyumbani, hawana la kufanya. Wape fulana na kazi: kuongoza watu vitini, kusimamia meza ya kadi, kushika taa. Nimewaona watoto wa rika hilo wakiwa na subira kwa wadogo ambayo walioajiriwa hawana.

Kiingilio, na wanaokuja peke yao

Bure kabisa kunajaza ukumbi, lakini kunajaza pia watu wanaoingia na kutoka kila dakika. Kiingilio kwa kichwa kunaumiza familia kubwa, na zetu ni kubwa: kuna mtoto wa dada aliyekuja likizo, wa jirani aliyeomba kufuatana, na dada wa kazi. Tiketi ya familia ile ya baba, mama na watoto wawili haituhusu. Nachagua tiketi moja kwa kila mtu mzima, bei ya chini, nayo inaingiza watoto hadi watano alioongozana nao, wawe wake au wasiwe. Mlangoni kila mtoto afungwe utepe mkononi, na namba ya simu ya mtu aliyemleta iandikwe upande wa ndani wa utepe huo, usiosomeka na kila mpita njia.

Kisha watakuja wale wasio na mtu mzima. Watoto wa mtaa ule, waliosikia muziki, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni, watapanga dirishani na kufunua kaniki kidogo wachungulie. Hapa kamati huchagua kati ya kumtuma mlinzi awatawanye na kujifanya haiwaoni. Naomba lichaguliwe la tatu, na lipangwe kabla ya siku yenyewe. Tenga viti 30 katika kila kipindi. Tafuta walimu wawili wa shule ya karibu, wanaofahamika na watoto hao, wawe ndio watu wao wazima: wawapokee mlangoni, wawaandike majina na mtaa, wawafunge utepe kama wenzao, wakae nao mstari mmoja na kutoka nao. Wape kadi, uzi na punje ya maharage kama kila mtoto mwingine. Posho ya walimu hao iingie kwenye bajeti siku ileile inapoingia bei ya projekta, isije ikawa ya kwanza kufutwa.